Sindano Aliyoikataza Tomaso

Watu wa machimbo ya Mgongo wa Tembo walimchagua Tomaso kuwa msimamizi wa duara lao, yaani shimo lao la kuchimbia dhahabu, kwa sababu ya sauti yake. Akiita kutoka juu, mtu aliyekuwa chini kabisa na nyundo na moko wa kuchongea mwamba alimsikia, hata karasha likiwa linasaga mawe pembeni. Lakini haikuwa sauti peke yake. Tomaso hakuficha jiwe lenye dhahabu, hakunywa gongo siku za kazi, na mtu akifukiwa na kifusi yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuteremka kumtafuta. Kwa hiyo aliposema jambo, hata lisilohusu dhahabu, watu walilichukua.

Alitokea kwetu Kisaka, wilaya ya Serengeti. Katikati ya miaka ya tisini, habari za rasha ya dhahabu ya Tarime ziliposambaa, aliacha mtama ukiwa bado shambani na ng'ombe mikononi mwa wadogo zake, akavuka mto Mara pamoja na mkewe Veronika. Huko walikuta kilima kizima kimetobolewa kama kichuguu. Watu walilala kwenye vibanda vya turubai na magunia, wengine wametoka Geita, wengine Shinyanga, wengine wamevuka mpaka kutoka Migori. Hapakuwa na zahanati wala bomba. Maji yalichotwa kijitoni, na kijito chenyewe kilikuwa na tope jekundu la kuoshea mawe.

Rafiki yake wa karibu aliitwa Heche, Mkurya wa Nkende pale Tarime mjini, kijana aliyekuwa ameoa mwaka uleule. Tomaso ndiye aliyemfundisha kushuka duarani, kusikiliza mwamba, kujua matimba, magogo yanayoshikilia kuta, yanapoanza kulalamika kabla hayajavunjika. Heche alimwita kaka, na mara nyingine mura, kama Wakurya waitanavyo. Wake zao, Veronika na Agustina, walipika kwenye jiko moja, na mwaka wa pili wa rasha wakashika mimba karibu wakati mmoja. Wanaume wakawa wanataniana kwamba mmoja akizaa mvulana na mwingine msichana, mahari isitoke nje ya duara.

Siku moja nesi alikuja na pikipiki. Aliitwa Efrazia, mama mwembamba mwenye sauti ya chini, na nyuma ya pikipiki alikuwa amefunga sanduku la barafu. Aliomba watu wakusanyike kwenye kivuli cha turubai la Mama Marwa, muuza uji ambaye pia ndiye aliyekuwa akiwazalisha wanawake wa pale.

"Nimewaletea wajawazito chanjo ya pepopunda," alisema Efrazia. "Pepopunda iko kwenye udongo na kwenye mavi ya ng'ombe, na ninyi hapa mnaishi ndani ya udongo. Kitovu cha mtoto kikikatwa na kitu kichafu, au kikapakwa kitu, ugonjwa unaingia. Mama akichanjwa akiwa na mimba, kinga inashuka mpaka kwa mtoto tumboni. Anazaliwa nayo."

"Na huyo mtoto wa tumboni sindano haimdhuru?" aliuliza mwanamke mmoja.

"Haimdhuru. Ndani yake hamna mdudu aliye hai, haiwezi kumpa mama ugonjwa wala kuitoa mimba. Wajawazito wamechanjwa miaka mingi sasa. Mkono utauma, pengine utavimba kidogo. Baada ya siku mbili tatu umesahau."

Wanawake wakaanza kusogea. Agustina alikuwa wa mbele. Alikuwa amekwisha kukunja mkono wa gauni lake mpaka begani, na Efrazia alikuwa ameshika pamba, Tomaso aliposimama.

"Nesi, subiri kwanza," alisema, na kwa sauti ile hata waliokuwa mbali kwenye karasha wakageuka. "Mimi nina dada yangu kule Kisaka, anaitwa Judith. Alikuwa na mimba kubwa tu. Nilimpeleka kliniki mimi mwenyewe. Akaingia, akatoka, nikamuuliza wamekufanya nini, akasema wamenichoma sindano. Jua halijazama, mimba imetoka. Sikusimuliwa. Niliona kwa macho yangu."

Efrazia aliweka pamba chini.

"Pole sana, kaka," alisema. "Ni msiba mkubwa huo. Lakini mimba hutoka kwa sababu nyingi. Malaria inatoa mimba. Kuna nyingine ina shida tangu mwanzo. Dada yako mwenyewe ulimuuliza ilianzaje?"

"Nimuulize nini na damu naiona?"

Watu wakacheka. Tomaso naye akatabasamu, kwa kuwa alipenda kucheka na watu. Akaongeza kwamba serikali haijawahi kuwaletea hata bomba la maji, sasa leo imewapenda ghafla mpaka matumboni. Wakacheka zaidi. Heche akamshika mkewe mkono.

"Umemsikia Tomaso," alimwambia. "Teremsha nguo."

Agustina alimtazama nesi, akamtazama mumewe, kisha akashusha mkono wa gauni polepole. Mmoja baada ya mwingine wanawake wakaondoka. Efrazia alifunga sanduku lake bila kugombana na mtu, akasema zahanati yake mpya iko ng'ambo ya kijito, mlango uko wazi kila siku ya kazi. Tomaso alirudi duarani akiwa ameshiba sifa.

Masika yalipoanza, kijito kilijaa na barabara ikawa ya mashimo, malori peke yake yakipita. Agustina alijifungua mvulana mchana wa mvua, ndani ya kibanda, mikononi mwa Mama Marwa. Mama Marwa alitumia wembe uliotoka kwenye karatasi yake, lakini kitovu alikifunga kwa uzi wa gunia, na juu yake akapaka majivu yaliyochanganywa na samli kama alivyofundishwa na mama yake. Siku chache mbele Veronika naye akajifungua msichana, kibandani kwake, kwa mikono ileile, na kitovu kikapakwa majivu ya jiko lilelile. Wanaume walinunua kreti ya soda, wakagawa kwa kila aliyepita.

Mtoto wa Heche alinyonya vizuri siku za mwanzo. Halafu asubuhi moja akawa analia, lakini akipewa titi hawezi kulishika. Agustina alijaribu kumfungua mdomo kwa kidole, ukakataa. Midomo ya mtoto ilikuwa imevutika pembeni kama ya mtu anayecheka bila kutaka. Kufikia mchana mwili ulianza kukaza. Karasha likiwashwa, mtoto anakakamaa na mgongo kupinda kama upinde. Mtu akiangusha sufuria, anakakamaa. Bibi mmoja alisema ni degedege, akaleta dawa ya kumfukiza.

Tomaso ndiye aliyekataa moshi. "Huyu ni wa hospitali," alisema. "Sasa hivi." Hakuwa mtu wa kuchukia hospitali, alichukia sindano moja tu. Akakimbia mwenyewe kutafuta gari, akapata lori la mawe, akalipanda pamoja nao.

Safari ile haikusahaulika kwake. Kila lori lilipodunda kwenye shimo, mtoto alikazana, na Agustina alimfunika kichwa kwa kanga ili asione mwanga wala asisikie. Heche alikuwa akirudia maneno yaleyale, "Polepole, dereva, polepole," mpaka sauti ikamkauka.

Hospitalini walipokelewa na daktari mzee kidogo, aliyemtazama mtoto mara moja tu akawaambia wauguzi wazime taa na wasizungumze kwa sauti. Alimchoma mtoto dawa za kulegeza mwili. Kisha akamgeukia Agustina.

"Mama, ulipokuwa na mimba ulipata chanjo ya pepopunda?"

"Hapana," alisema Agustina.

"Haikufika kwenu?"

Agustina aliinamisha kichwa. Heche ndiye aliyejibu. "Ilifika. Tuliambiwa inatoa mimba."

"Nani aliwaambia?"

Tomaso alikuwa amesimama mlangoni, mkononi ameshika mfuko wa nepi. Heche hakugeuka kumtazama. Akasema, "Watu. Watu tu wa machimboni."

Daktari alitikisa kichwa. Hakukaripia. Alisema atafanya awezavyo. Tomaso alikuwa na nafasi ya kusema, ni mimi. Maneno mawili tu. Sauti iliyomfikia mtu chini ya mwamba haikuweza kuvuka kile chumba kidogo. Akaweka mfuko wa nepi kwenye benchi, akatoka nje, akasimama karibu na kamba za kuanikia shuka.

Mtoto alikufa kesho yake mchana.

Walimzika Nkende, nyuma ya nyumba ya baba yake Heche. Tomaso aliomba kuchimba kaburi, na kwa vile ndiyo kazi aliyoijua, walimwachia. Lilikuwa kaburi dogo. Alimaliza upesi mno, akaendelea kunyoosha kingo zilizokwisha kunyooka, ili asitoke mle ndani akakutana na macho ya watu. Mama yake Heche alimletea maji ya kunawa.

"Asante, mwanangu," alimwambia. "Umeteseka nasi. Mungu akulipe."

Tomaso alinawa akiwa ameinama. Yule mama alidhani analia kwa huzuni, akampapasa mgongo.

Aliporudi machimboni alikuta kelele. Wakati wa msiba vijana walikuwa wamevunja ukuta mmoja duarani kwake, na nyuma yake mwamba ulikuwa ukimetameta. Duara lilikuwa limetema, dhahabu imepatikana. Wakati mwingine wowote wangechinja mbuzi. Safari hii watu walitazamana, na kufikia jioni maneno yalikuwa yameshatembea kibanda kwa kibanda. Watoto wawili wamezaliwa wakati mmoja, mkunga mmoja, jiko moja. Wa mwenzake amekufa kifo cha kukakamaa kama aliyekabwa na kitu. Wa kwake ananyonya, ananenepa. Na wiki hiyohiyo duara linatema. Neno walilolitumia lilikuwa kafara.

Asubuhi iliyofuata walikuja kibandani kwake, kundi la wanaume, baadhi wameshika mapanga. Heche alikuwa amerudi kutoka msibani siku ileile. Hakuongoza kundi, lakini alikuwa ndani yake, amesimama nyuma, macho mekundu.

"Toka, Tomaso," alisema mmoja wao aliyeitwa Waitara. "Utuambie ulimpeleka mtoto wa mwenzako kwa mganga gani."

Tomaso alitoka mikono mitupu. "Sijui mnachosema," alisema. "Yule mtoto alikuwa kama wangu."

"Wako mbona mzima?"

Tomaso mwenyewe alikuwa amejiuliza hivyohivyo tangu hospitalini, akaogopa kuendelea kujiuliza. Waitara akapiga hatua. Hapo pazia la gunia likasogezwa, Veronika akatoka na mtoto mgongoni.

"Mniulize mimi," alisema. "Mtoto wangu ni mzima kwa sababu nilichanjwa. Nilivuka kijito nikaenda kwa nesi Efrazia. Nikarudi tena mara ya pili, kama alivyoniambia. Huyu mume wangu nilimdanganya kwamba naenda kwenye kwaya. Hakuna kafara hapa. Kuna sindano, basi."

Waitara aliteremsha panga lake. Mwanamke mmoja aliyekuwa akichungulia alianza kucheka, kile kicheko cha mtu aliyeshtuka, akajiziba mdomo. Tomaso alimgeukia mkewe kama anamwona kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameokolewa mbele za watu wote, tena na jambo alilolikataza mwenyewe mbele ya watu walewale.

Heche akapita katikati ya kundi mpaka akafika mbele yake.

"Kwa hiyo shemeji alichanjwa," alisema.

"Sikujua, Heche. Naapa mbele ya Mungu, sikujua."

"Wangu akateremsha nguo kwa neno lako."

"Sikujua kwamba Veronika..."

"Afadhali ungekuwa unajua," alisema Heche. "Ningesema ni mnafiki, nikakuchukia, nikapumzika. Sasa nifanye nini na wewe, mura?"

Akageuka akaenda zake. Wengine wakamfuata. Waliokuja kumuua mchawi walirudi makazini bila hata kumtukana, na Tomaso alitamani wangemtukana.

Siku ile hakugombana na Veronika. Alimuuliza jambo moja tu, kwa nini hakumwambia.

"Ningekwambia ungenikataza," alisema Veronika. "Na ungenikataza kwa sauti. Baada ya hapo nisingeweza kwenda tena hata kwa siri." Kisha na yeye akaanza kulia. "Agustina nilimwambia twende wote. Akasema mume wake akijua itakuwa vita. Nikamwacha. Nilipaswa kumvuta, sikumvuta. Nilifikiri mimi nikishapona inatosha."

Wakakaa hivyo, wawili, kila mmoja na fedheha yake, mtoto akilala kati yao kwenye mkeka.

Kesho yake Tomaso alishika njia ya Kisaka. Alijiambia anakwenda kupata ukweli, lakini moyoni alikuwa anakwenda kutafuta kinga. Alitaka Judith aseme tena mbele yake kwamba ile sindano ndiyo iliyomtoa mimba, ili angalau kosa lake liwe kosa la mtu aliyeona kitu. Alimkuta dada yake akipepeta mtama uani. Wakasalimiana, wakaulizana habari za nyumbani na za mifugo, kisha Tomaso akamweleza yote, mpaka kaburi la Nkende. Judith aliweka ungo chini.

"Kaka," alisema, "siku ile sikuchomwa sindano yoyote."

Tomaso hakuelewa.

"Damu ilikuwa imeanza kutoka juzi yake. Ndiyo maana nilikuomba unipeleke. Nesi aliponiangalia alisema mimba inatoka, niende hospitali ya Mugumu haraka. Nikatoka nje nikakukuta umesimama na baiskeli, unaniuliza wamekufanya nini. Ningekwambiaje? Wewe kaka yangu. Mambo ya damu ya mwanamke ningeyatamkaje mbele yako? Nikasema neno la kwanza lililonijia. Nikasema wamenichoma sindano. Nilijua ukishasikia hivyo hutauliza zaidi."

"Na mimi sikuuliza zaidi."

"Hukuuliza. Miaka yote hii hukuniuliza hata mara moja." Judith alijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Nilisikia unawasimulia watu. Nikaona haya kukukatiza. Nikasema ni maneno tu, yatamdhuru nani?"

Tomaso aliketi chini, palepale kwenye makapi. Kumbe hata kile kidogo alichoamini ameona, hakukiona. Alikuwa amemchukua dada yake, katika siku yake mbaya kuliko zote, akamgeuza hadithi ya kuchekeshea watu kwenye kivuli cha turubai, na hakuwahi kumuuliza ilikuwaje. Alimwomba ruhusa ya kuwaambia watu wa machimboni. Judith alifikiri, kisha akasema, "Waambie. Na jina langu ulitaje vilevile, kama ulivyolitaja kwanza."

Mtu wa kwanza aliyemwendea alikuwa Heche. Aliwakuta yeye na Agustina wakifunga mizigo yao kurudi Nkende. Alieleza kila kitu akiwa amesimama, bila kujitetea, na sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba ilibidi Heche asogee. Alipomaliza, Heche aliendelea kufunga kamba ya gunia. Agustina ndiye aliyesema.

"Mkono wangu ulikuwa tayari," alisema. Akaushika pale juu, karibu na bega. "Nesi alikuwa ameshika pamba."

"Najua," alisema Tomaso.

"Ilibaki kidogo tu."

Tomaso aliwasaidia kubeba gunia mpaka barabarani kwa kuwa hawakumkataza. Hawakumuaga.

Miezi kadhaa baadaye, Efrazia aliporudi tena na sanduku lake, Tomaso aliomba kusema. Alisimama palepale aliposimama mara ya kwanza. Akasema sindano haikutoa mimba ya dada yake, kwamba dada yake hakuchomwa chochote siku ile, kwamba yeye hakuuliza, na kwamba mtoto wa Heche angekuwa hai kama mama yake angechanjwa. Alisema yote akitazama chini. Alitarajia wanawake wajipange. Baadhi walisogea. Lakini mama mmoja mjamzito alibaki ameketi, akauliza, "Sasa tumwamini Tomaso yupi? Yule wa kwanza naye alisema ameona kwa macho yake."

Efrazia alichuchumaa mbele ya yule mama.

"Usimwamini yeyote kwa sababu ya sauti yake," alisema. "Hata mimi. Niulize unachotaka, tutakaa mpaka uelewe."

Yule mama aliuliza. Aliuliza kama sindano inazuia kuzaa tena. Efrazia akasema hapana, na Veronika, aliyekuwa mjamzito tena, akasimama pembeni yake ili aonekane. Aliuliza kama aliyechelewa anaweza bado kuchanjwa. Aliuliza kama homa baada ya sindano ni dalili mbaya. Efrazia alijibu kila swali, pale asipokuwa na hakika akasema hana hakika. Ilichukua muda mrefu. Mwishowe yule mama akakunja nguo yake, na Tomaso akaondoka, kwa sababu hakuweza kuutazama ule mkono ulio wazi.

Hakukaa sana machimboni baada ya hapo. Dhahabu ya lile duara iligawanywa. Fungu lake alitaka kulipeleka Nkende, Heche akalirudisha kwa mkono wa mtu, bila ujumbe. Tomaso alilipeleka zahanati ya Efrazia, wakajengea kibanda cha kujifungulia akina mama, naye akasisitiza jina lake lisiandikwe popote. Halafu akarudi Kisaka kulima. Wanaomfahamu leo wanamjua kama mzee mpole asiyependa kuzungumza kwenye mikutano. Akiombwa maoni husema hajui. Kuna wakati watu wa afya walipita kijijini wakamsifu kwamba kwake hakuna mjamzito anayekosa kliniki, wakataka asimame apigiwe makofi. Alisimama kwa kuwa walimlazimisha, na waliokuwa karibu walishangaa kuona uso wake umebadilika kama wa mtu aliyeshikwa anaiba.

Alikutana na Heche mara moja tu baadaye. Ilikuwa Manchira, karibu na bwawa, Tomaso ameenda kununua miche ya nyanya, Heche amekuja na ng'ombe aliowapata mnadani. Walikuwa wamezeeka wote wawili. Pamoja na Heche alikuwapo msichana mkubwa, amefanana na Agustina macho na hata namna ya kusimama.

"Mwanangu wa tatu," alisema Heche. "Wako wanne sasa. Agustina hakukosa sindano hata moja."

"Namshukuru Mungu," alisema Tomaso.

"Shikamoo, baba," alisema msichana.

Tomaso alitaka kuitikia, akaishia kuinamia miche yake, na yule msichana akasubiri jibu huku akimtazama baba yake.

"Ameishi na mimi machimboni," Heche alimweleza binti yake. "Ndiye aliyenifundisha kushuka duarani."

Hakusema zaidi ya hapo. Hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe. Waliongea kidogo juu ya mvua na bei ya ng'ombe, kisha Heche akawapigia mluzi ng'ombe wake, wakaanza kupanda kuelekea barabarani. Walipokuwa wamefika mbali ndipo Tomaso aliposema, kwa sauti ya chini ambayo hakuna aliyeisikia, "Marahaba."